Mbegu Zilizotundikwa Juu ya Tanuri

Neema, aliyerithi meza yangu kazini, ameniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kuzalisha mbegu za nyasi. Ameomba niandike kwa Kiswahili. Anasema ripoti zangu za Kiingereza amezisoma zote na hakunikuta humo hata mara moja. Nimestaafu, sina pa kukimbilia, basi naandika, kwa ajili yake na vijana wengine wa kwetu wanaoingia kazi hii, hapa Toronto na kule nyumbani. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo wameshachukua wengine, na mshahara haukuwahi kukaa mfukoni muda wa kutosha nikaukumbuka.

Nilianza maisha ya kazi nikiwa mtu wa mahindi, kwenye kituo kimoja karibu na Kilosa, nikipasua mabua kutafuta funza. Nilipohamia Canada nikaajiriwa na kampuni ndogo ya mbegu yenye shamba la majaribio kaskazini ya jiji, mbele kidogo ya Vaughan. Niliambiwa kazi yangu itakuwa kutafuta nyasi zisizoliwa na wadudu. Nikauliza ni za malisho ya mifugo gani. Nikajibiwa kwamba si za mifugo. Ni za mbele ya nyumba: zinamwagiliwa ili zikue, zikikua zinakatwa, zikikatwa zinatupwa. Mtu aliyepata kazi jana haulizi mara ya pili, nikaitikia kwa kichwa kana kwamba hata kwetu tunafanya hivyo.

Aliyenipokea ni mzee Henrik, mtoto wa wafugaji wa Uholanzi, mrefu, mwenye magoti mabovu kwa sababu ya kazi yenyewe. Hakunipa koti jeupe wala kompyuta. Alinipa kopo la kahawa lililokatwa juu na chini, pamoja na ndoo ya maji. Akanionyesha: unalikandamiza kopo ardhini, pale majani makavu yanapokutana na mabichi, unalijaza maji, unasubiri. Kama kunguni wa nyasi wapo, wataelea wenyewe. Ni wadudu wadogo, weusi, wenye mabawa meupe mgongoni. Hukaa chini kabisa kwenye shina na kufyonza utomvu, na mwenye nyumba akiona kiwanja kinakauka hudhani ni jua. Anaongeza maji, anaongeza mbolea, na wageni wake wanaendelea kula bila kusumbuliwa na mtu.

Kifaa cha pili kilikuwa mrija wa kunasia wadudu. Ncha moja unaiweka juu ya mdudu, ya pili unaivuta kwa mdomo, mdudu anaangukia kwenye kichupa kilicho katikati. Kuna kitambaa cha kumzuia asifike kinywani. Asubuhi ile kitambaa cha mrija wangu kilikuwa kimetoka. Henrik alisubiri nimalize kutema, kisha akasema kwa upole kwamba kila mtu wa kazi hii humla mmoja, na kwamba si mbaya kuliko kahawa ya ofisini. Baadaye nilithibitisha kwamba alikuwa mkweli.

Miaka ile ya kwanza tulikuwa watu wa pembeni. Mwenye wadudu alipiga simu, gari likaja, dawa ikapuliziwa, yakaisha. Halafu mkoa ukapiga marufuku dawa za kupulizia nyasi za urembo, na watu ambao hawakujua kama tupo wakaanza kututafuta. Kila kiangazi simu zililia. Henrik alinituma mimi kwenda kwenye nyumba za watu, kwa sababu ya magoti yake na kwa sababu, alivyosema, mimi nina sura ya mtu anayejua kutoa habari mbaya.

Ndivyo nilivyofika kwa Bi Shirin, mjane aliyezaliwa Unguja, nyumbani kwake kando ya barabara ya Bathurst, huko Vaughan, mahali ambapo angeweza kwenda msikitini kwa miguu kusali na jamaa zake. Alifungua mlango akaanza kwa Kiingereza, akalisoma jina kwenye kadi yangu ya shingoni, akakiacha Kiingereza palepale.

"Wewe wa kwetu. Mtu wa wapi?"

"Kilosa, Bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie bustani hii. Mwanangu asema nimeiua kwa kiu, na mimi kila siku naipa maji."

Nilikandamiza kopo, nikajaza maji, tukasimama tukitazama. Wakaelea, wengi mno, wakubwa kwa wadogo. Bi Shirin aliinama akawaangalia kwa muda.

"Kumbe nimewapa hata maji ya kunywa," alisema.

Kiwanja chake kilikuwa kimekwisha, isipokuwa kitu kimoja. Katikati ya ukavu ule palikuwa na shina moja lililotawanya majani, upana wa sahani, bichi kabisa. Nililipekua kwa vidole, sikukuta mdudu hata mmoja. Nyasi zote zilikuwa za aina ile inayopandwa sana huku kwa sababu huota upesi, lakini hili moja wadudu walilikwepa. Bi Shirin aliniuliza limeponaje. Nikamwambia sijui.

"Basi lichukue," alisema. "Likikwambia siri yake, uje unieleze."

Nililing'oa na udongo wake, nikaliendesha mpaka shambani likiwa kwenye kiti cha mbele. Henrik aliambua ngozi ya ndani ya shina, nyembamba kuliko ya kitunguu, akaitia rangi ya buluu, akaiweka chini ya hadubini. Halafu alinyanyuka akaniachia kiti, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Nikaona nyuzi za buluu, zimejipinda, zinapita kati ya vyumba vya jani, yaani seli zake. Ile ilikuwa kuvu. Inaishi ndani ya nyasi bila kuiumiza, na inatengeneza uchungu ambao kunguni wakiuonja wanaondoka au wanakufa. Nyasi inailisha kuvu, kuvu inailinda nyasi. Nilikwenda kumweleza Bi Shirin kama alivyotaka, naye akasema amewahi kuishi na wapangaji, lakini hakupata wa namna hiyo.

Kuna jambo moja vijana mnapaswa kulishika, kwa sababu yote yaliyofuata yanalitegemea. Kuvu hii hupita kwa mama tu. Baba analeta chavua, analeta rangi nzuri au majani membamba, lakini kuvu inaingia kwenye mbegu kutoka kwa mama. Ikishapotea, hakuna baba wa kuirudisha. Na ni dhaifu kuliko mbegu inayoibeba. Ukiiweka mbegu kwenye baridi kavu, vyote viwili vinaishi. Ukiiweka kwenye joto lenye unyevu kwa miezi kadhaa, kuvu inakufa wakati mbegu ingali hai. Utaipanda, itaota vizuri, itapendeza, na wadudu wataila yote.

"Usiiamini mbegu kwa sababu imeota," Henrik alikuwa akiniambia. "Itazame ndani."

Ule ukoo tuliuita Shirini, ingawa kwenye mafaili ulikuwa na namba. Tuliulea miaka mingi. Shina lile la Vaughan lilikuwa gumu kwa wadudu lakini majani yake yalikuwa mapana na rangi yake ya kuchosha, na mtu wa mjini hataki nyasi ngumu yenye sura mbaya. Tukawa tunalipandisha na mababa wenye sura, tunapanda watoto, tunawaachia kunguni ndani ya visanduku vya vioo, tunaambua mashina na kuyatazama, tunatupa wengi na kubakiza wachache, kisha tunaanza upya. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Asiyependa kurudia asije. Henrik alistaafu kabla hatujamaliza, na siku ya kuondoka hakutoa hotuba. Aliliweka kopo lake la kahawa mezani kwangu akaenda zake.

Sasa lazima niwaeleze habari za nyumbani, maana ndiko kazi ilikokwenda kuharibikia.

Tunaishi karibu na Dixon Road, chini ya njia ya ndege, nyumba ndogo yenye chumba cha chini na uwanja nyuma. Mke wangu, Atupele, ni muuguzi. Mama yake alitoka Tukuyu akaja kukaa nasi binti yetu Tumaini alipokuwa bado mdogo. Mimi na Mama tulipendana sana na hatukusemeshana. Kwao mkwe huheshimiwa kwa umbali, na kwetu hali kadhalika, kwa hiyo tulikutana vizuri. Akitaka kuniambia neno alimpa Atupele anifikishie, au Tumaini, hata kama nimekaa mbele yake. "Mwambie baba yako chai ipo," alisema, na mimi chai naiona. Tumaini amezaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza, na ujumbe wa bibi yake aliufikisha kwa ufupi wa simu ya mkononi.

Swali kubwa la Mama lilikuwa moja. Aliniletea maswali mengine, lakini hilo lilirudi kila msimu.

"Muulize baba yako, hayo majani yake, ng'ombe wenyewe wako wapi?"

"Bibi, there's no cow," Tumaini alijibu. "It's just grass."

"Majani matupu," Mama alisema, akinitazama begani, sio usoni. "Na anaamka alfajiri."

Kisha shamba likauzwa. Jiji lilikuwa limetufikia, na pale tulipokuwa na vitalu pakajengwa nyumba, ambazo mbele yake walipanda nyasi za mtu mwingine. Kampuni ilipata mahali padogo zaidi, lakini wakati wa kuhama mashine ya chumba cha baridi ikaharibika, na ya kuibadilisha ikawa haijulikani itafika lini. Tukagawana mifuko ya mbegu za thamani, kila mtu aiweke kwenye friji ya nyumbani kwake. Mimi nilichukua Shirini. Mimea yake yote ilikuwa imelimwa pamoja na vitalu. Bi Shirin alikuwa ameshahamia kwa mwanawe na bustani yake ilikuwa imefunikwa kwa saruji ya kuegeshea magari. Mfuko ule ndio uliokuwa umebaki duniani.

Niliuweka kwenye friji ya pili, ile ya chumba cha chini, nyuma ya samaki. Nikamwambia Atupele usiguswe. Siku chache baadaye nikapelekwa Chile kusimamia uzalishaji wa mbegu nyingine, kwa kuwa baridi ya huku ni kiangazi cha kule. Nilikaa huko mpaka theluji ya Toronto ilipoanza kuyeyuka.

Siku niliyorudi tulikula pamoja. Mama alikuwa mchangamfu. Alimgeukia Tumaini.

"Mwambie baba yako, zile mbegu zake nilizitoa kwenye barafu. Zingeoza mle. Nimemtundikia mahali pakavu, penye joto. Hakuna mdudu aliyezigusa."

Kwao Tukuyu, mbegu ya mwakani hutundikwa darini juu ya moto wa jikoni, joto na moshi viizuie isiingiwe na wadudu. Amefanya hivyo tangu akiwa msichana, na mama yake kabla yake. Nyumba yetu haina moto wa jikoni. Ina tanuri la kupashia nyumba joto, kule chini, na kando yake mashine ya kukaushia nguo inayovuja hewa yenye unyevu. Mama alikuwa ameutafuta moto wa nyumba hii akaupata. Alizimimina mbegu kutoka kwenye mfuko wangu uliofungwa akazitia ndani ya foronya safi, zipumue, akaitundika juu ya tanuri majira yote ya baridi.

Tumaini alinitazama, safari hii akiwa ameiweka simu pembeni. Atupele alinitazama. Mama alikuwa akilitazama bega langu, akisubiri.

"Mwambie Mama ahsante sana," nilisema.

Nilishuka chini nikaigusa ile foronya. Ilikuwa na joto la mkate. Nilikaa kwenye ngazi, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo, kwa kuwa mashine ya nguo ilikuwa inazunguka na hakuna aliyesikia.

Hata hivyo nilitumaini, kwa sababu mtu wa mbegu ndivyo alivyo. Nilizipanda kwenye kitalu cha vioo cha mahali petu papya. Neema alikuwa ameajiriwa mwezi uleule, ametoka chuoni, mtu wa Singida, asiyejua kunong'ona. Mbegu ziliota vizuri kuliko zote. Neema akafurahi. Tukawaachia kunguni, na kunguni nao wakafurahi. Tukaambua mashina tukayatazama ndani, moja baada ya jingine, trei baada ya trei. Vyumba vya jani vilikuwa safi, vimejipanga vizuri, na havikuwa na uzi hata mmoja.

Nilimpigia simu Henrik. Akauliza nani mwingine aliyezishika zile mbegu zaidi yangu.

"Mama mkwe."

"Umeongea naye?"

Nilimwambia haiwezekani. Akataka kujua kwa nini, kama mama ni mgonjwa, kama tumegombana. Nilieleza habari ya mkwe na heshima mpaka sikio likauma. Mwishoni akasema kwamba ameelewa kila neno na bado hajaelewa kitu, ila angekuwa yeye angeongea naye.

Sikuongea naye. Atupele ndiye aliyekuwa wa kwanza kunisihi. Jioni moja alikaa kitandani na sare yake ya hospitali akasema, "Mume wangu, ukimwambia utamuua. Anasimulia kanisani kwamba amekuokolea kazi." Ni kweli alikuwa anasimulia. Nikaahidi. Mkubwa wetu wa kazi, mtu mwema ila mwenye hesabu zake, alisema kama hakuna Shirini yenye kuvu hadi mwisho wa mwaka, mradi utafungwa na vitalu vitapewa nyasi za viwanja vya mpira. Ilikuwa haki. Huwezi kuendelea kulisha ukoo uliokwisha.

Kiangazi kile kilikuwa kikavu, na kunguni waliingia hata uwanjani kwangu. Majirani waliona nyasi za mtaalamu wa nyasi zikigeuka rangi ya kadibodi. Jirani mmoja, Msomali mstaarabu sana, alinishauri niongeze maji. Kilichobaki kibichi kilikuwa bustani ya Mama kwenye ua wa nyuma: maboga yake, mchicha wake, na majani mengine pembezoni ambayo sikuyatazama kwa sababu yalikuwa himaya yake. Jioni nilikaa na kiti changu palepale na kufikiri juu ya kazi yangu yote. Niliwaza kwamba nitastaafu nikiwa sina cha kumwonyesha mtu.

Maboga yalipoanza kuzaa, Atupele akamkaribisha Neema chakula cha mchana, Jumapili baada ya kanisa. Kulikuwa na ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Neema alimwamkia Mama kwa magoti, Mama akampenda palepale, wakaongea kama watu waliopotezana. Kwake Mama hakuwa mkwe wa mtu. Alikuwa Bibi.

"Na wewe unafanya kazi na huyu," Mama alimwambia, akielekeza kidevu kwenye bega langu. "Anakwambia nilivyomtunzia mbegu?"

Atupele alinikanyaga mguu chini ya meza, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nataka kusema. Neema aliweka tonge lake chini.

"Aliniambia, Bibi. Ila zilikufa ndani."

Ndege ilipita juu ya nyumba na sote tukaisubiri ipite.

"Zilikufa?" Mama aliuliza. "Mbegu haziotagi?"

"Ziliota zote. Kilichokufa ni kile kinachokaa ndani yake na kufukuza wadudu. Chenyewe kinataka baridi. Lile joto lilikiua."

Mama alinawa mikono taratibu, akaikausha kwenye kanga, kidole kwa kidole. Sikuthubutu kuinua macho. Kisha akamwambia Atupele, kwa sauti isiyo na haraka:

"Mwambie mumeo, mimi ni mtu mzima, sio yai. Tangu lini anajua?"

"Tangu alipotoka safari, Mama."

"Na kiangazi chote ananiacha natamba mbele za watu."

Tumaini alikuwa ameacha kula. Mama akamgeukia tena Neema.

"Hata zile za mwanzo nazo zimekufa?"

"Za mwanzo zipi, Bibi?"

"Za kujaribia. Mtu hatundiki mbegu kabla hajaijaribu kama inaota. Siku ileile nilipozitoa kwenye barafu nilichukua konzi moja, nikaiweka kwenye kitambaa kibichi. Zikaota. Ningezitupaje? Nikazipanda kwenye kopo la aiskrimu, zikakaa dirishani kwangu baridi yote. Joto la chini halikuzifika. Theluji ilipokwisha nikazitoa nje, nyuma ya maboga."

Nilisimama kabla sijajua nimesimama. Neema alikuwa ameshafika mlangoni. Tuliyapita maboga, tukaukuta mstari wa nyasi, bichi, nene, umeegemea uzio, hatua moja tu kutoka kwenye kiti changu cha jioni. Upande wa huku nyasi zangu zote zilikuwa zimekauka hadi mguuni pake, na hapo wadudu walikuwa wamesimama. Neema alipiga magoti akapekua mashina kwa vidole, kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, akitaka kopo la kahawa. Niliingia ndani nikalitoa kwenye mkoba wangu wa kazi.

Mama alitufuata mpaka mlangoni. "Mwambieni," alisema, safari hii bila kumtaja wa kumwambia, "angeuliza, angejibiwa."

Yapo mengi niliyojifunza katika kazi hii kwa kurudiarudia, lakini hilo nililijifunza mara moja. Nilijua mbegu lazima zitazamwe ndani. Sikuwa nimefikiri kwamba yule aliyezitundika naye ana mengine ya kusema. Heshima niliyompa ilikuwa ya kweli, na naendelea nayo. Ila ilikuwa imechanganyika na kudhani kwamba najua alichokifanya chote, na sehemu hiyo haikuwa heshima. Neema, aliyekosa adabu mezani kwangu, alimheshimu kuliko mimi.

Jumamosi iliyofuata Mama alitaka kuona kwa macho yake alichokiua na alichokiokoa. Atupele alikuwa zamu, kwa hiyo Neema alikuja tukaenda sote kwa gari langu. Mama alikaa kiti cha nyuma, nami nikaendesha. Kazini Neema aliambua shina kutoka kwenye mstari wa uani, akalitia rangi, akaweka hadubini sawa, akamwekea Bibi kiti. Kisha simu yake ikalia akatoka nje.

Mama aliinamisha jicho. Alikaa hivyo kwa muda, kanga yake ikigusa meza. Nilijua anachokiona kwa sababu nilikuwa nimekiona kabla yake: zile nyuzi za buluu, zimejipinda, zinapita kati ya vyumba vya jani. Hakukuwa na Atupele wala Tumaini. Tulikuwa wawili tu chumbani, na mashine ya baridi mpya ikinguruma ukutani.

"Sijui haya majani ng'ombe anaweza kula," alisema, jicho likiwa bado kwenye hadubini.

Nilisubiri, kwa mazoea, mtu anifikishie. Mama alinyanyua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake alinitazama usoni.

"Baba Tumaini. Nakuuliza wewe."

"Hapana, Mama," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. "Kuvu hii inamlewesha. Akila sana miguu inatetemeka, anaanguka."

"Kwa hiyo mdudu hali, na ng'ombe hali."

"Ndiyo, Mama."

Alichukua kile kifuniko cha plastiki cha hadubini akakirudisha juu yake, kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyofunika chakula cha ambaye hajafika.

"Basi kazi bado," alisema.

Shirini ilipona, Neema, na wewe ndiye unayeilea. Mkubwa alitupa vitalu vyake, mradi haukufungwa, na mwaka ule niliondoka kazini nikiwa nimekuachia kopo la Henrik mezani. Umekwisha kunieleza kwamba ziko kuvu za jamaa hiyo zinazomfukuza mdudu bila kumdhuru mfugo, na kwamba unaanza kuitafuta yako. Nilipolisikia hilo nilifurahi kuliko siku ya sherehe yangu ya kustaafu. Lakini usidhani nimekuacha kwa amani. Mama sasa ananisemesha. Amepata miaka mingi ya kufidia, na hasubiri mjumbe tena. Kila asubuhi, kabla sijamaliza chai, ananitazama usoni na kuniuliza yule binti amefika wapi na majani ya ng'ombe, na inanibidi nimjibu mwenyewe.